Siku Arobaini na Tisa za Taratibu

Haya niliyapata kwa mama mkwe wake Taratibu, mwaka jana, tulipokaa benchi moja kusubiri kupimwa macho. Foleni ilikuwa ndefu na daktari alikuwa mmoja, kwa hiyo alinihadithia yote bila kuruka kitu.

Taratibu si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata kwenye kiwanda cha kufulia, kile kinachofua shuka za mahoteli na hospitali, kwa sababu hakuna siku aliyowahi kuonekana akikimbia. Mwenzake wa meza moja aliitwa Chapuchapu, na huyo hakuna siku aliyowahi kuonekana akitembea. Waliajiriwa pamoja, wakapewa meza moja. Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Huyu anashika huku, yule kule, wanavuta, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Miaka kumi na mmoja walikutana katikati namna hiyo, mpaka wakawa chanda na pete. Analolifikiri huyu, linatoka mdomoni mwa yule.

Getini kulikuwa na daftari la mahudhurio. Asubuhi unatia saini ya kuingia, jioni ya kutoka. Chapuchapu alikuwa akifika mlinzi hajamaliza hata kunawa uso, basi anatia saini yake na ya mwenzake. Jioni yeye keshatoweka zamani, na Taratibu, ambaye alikuwa wa mwisho kuzima pasi, anasaini kwa wote wawili. Kila jozi ya wakunja shuka ilifanya hivyo. Hakuna aliyeiba saa ya kazi. Wote walikuwa ndani, ila walichoka kupanga foleni mara mbili kwa siku. Kosa lilikuwa kosa, kanuni iliyakataza hayo, lakini nani alikuwa anatazama? Tofauti ilikuwa moja tu. Chapuchapu, kwa haraka zake, aliimalizia saini ya Taratibu kwa mkia mrefu uliopanda juu. Taratibu mwenyewe hakuwa na mkia.

Kisha bega la kulia likagoma. Lilianza kwa kuuma, likaishia kukataa kuinua hata kikombe. Daktari akampumzisha mwezi, akaongeza mwingine, ikafika tisa. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa, leo yuko huku, kesho hajulikani aliko, basi nyumbani alikuwa na mama mkwe tu. Na Chapuchapu. Kila Jumamosi Chapuchapu alikuja na matunda kwenye mfuko, akachukua cheti cha daktari akakipeleke ofisini, akaacha umbea wa wiki nzima.

"Yule wa mashine ya tatu kaunguza mapazia ya hoteli," anasema. "Kaambiwa atalipa. Kauliza atalipa kwa pazia gani."

Taratibu anacheka mpaka bega linamuuma. Mwezi wa tano Chapuchapu akapewa usimamizi, na aliyefurahi zaidi ya mwenyewe alikuwa Taratibu. Alimpikia.

Mwezi wa tisa daktari akasema wazi kwamba pasi basi, asiiguse tena. Jumamosi ile Chapuchapu aliketi karibu naye akamshika mkono.

"Shoga, usingoje wakuondoe. Mtu anayeondolewa anaondoka na aibu. Andika mwenyewe barua ya kuacha kazi, wape notisi yao ya mwezi, uchukue chako."

"Na likizo yangu?"

"Si watakulipa? Haki yako hiyo."

Taratibu akahesabu kwa vidole mbele yake. Mwaka uliopita hakwenda likizo, kwa sababu ilikuwa msimu wa wageni na Chapuchapu alimbembeleza asimwachie meza peke yake. Siku ishirini na nane hizo. Na kwa miezi hii tisa, ishirini na moja, maana tangazo la kanuni lililobandikwa chini ya saa ya ukutani lilisema mgonjwa anaendelea kujiwekea siku za likizo kama mzima. Jumla arobaini na tisa. Chapuchapu akaitikia kwa kichwa kila kidole kilipokunjwa.

Siku hizo Taratibu alikwishazipangia kazi. Mtaa wa mafundi cherehani kulikuwa na kichumba cha mbele, mlango mmoja na rafu mbili. Aliona atauza vifungo, zipu na nyuzi, biashara isiyohitaji bega. Mwenye chumba alikubali kumwekea hadi mwisho wa mwezi. Usiku mama mkwe alimsikia akijisemea bei za zipu.

Notisi ilipokwisha akaenda ofisini. Karani wa malipo alikuwa kijana mwenye adabu, shati lake limepigwa pasi vibaya kwenye kola. Akamsogezea karatasi. Mshahara wa mwezi wa mwisho ulikuwapo. Chini yake imeandikwa likizo, na mbele yake sifuri.

"Mwanangu, hapa pamekosewa."

"Hapajakosewa, mama. Likizo yako uliimaliza."

"Niliimaliza lini, na mimi nilikuwa naumwa?"

"Uliomba mwenyewe siku za ugonjwa zihesabiwe likizo. Mshahara wa mgonjwa na wa aliye likizo hapa ni uleule, ndiyo maana hukuona tofauti." Akafungua faili, akatandaza fomu tatu. "Hizi hapa. Kumi na nne, ishirini, kumi na tano."

Taratibu akainama. Chini ya kila fomu palikuwa na saini yake, na kila saini ilikuwa na mkia uliopanda juu.



"Hii siyo saini yangu," akasema.

Karani hakubisha. Alikwenda akaleta daftari la mahudhurio, akafunua huku na huku, akaweka kidole kwenye safu ya asubuhi. Mkia. Akafunua mbele. Mkia. "Kama hii si yako, mama, basi kazini hujawahi kuja."

Jibu lilikuwa papo hapo, safu ya pili, ya jioni, zile zisizo na mkia. Angesema tu: tazama hapo. Lakini kusema hivyo ni kumwaga siri ya meza nzima. Wakati huo Chapuchapu akapita mlangoni na bunda la shuka. Macho yao yakakutana. Siku ile Chapuchapu alitembea.

Karani akampa kalamu. "Saini hapa kwamba umepokea stahiki zako zote, mshahara wako unaupata leo."

"Na nisiposaini?"

"Hutoki na kitu."

Taratibu akailaza kalamu juu ya karatasi, polepole, isije ikaviringika. "Basi nitarudi," akasema.

Alasiri Chapuchapu akaja nyumbani, mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema mama mkwe, hakuondoa macho kwenye mchele aliokuwa akiuchambua. "Chai utakunywa, au leo umekuja kikazi?"

Chapuchapu akakaa chini, si kwenye kiti chake cha siku zote. Maneno yakamtoka kwa pupa. Bosi alimwita. Alimwambia kila anayeumwa zaidi ya miezi mitatu lazima siku zake ziliwe, na kwamba fomu zinahitaji saini, na kwamba cheo cha usimamizi kiko wazi lakini wanaokitaka ni wengi. "Ningekataa angesaini mwingine, shoga. Siku zingekwenda vilevile."

"Lakini hakusaini mwingine."

"Nilijua utapona. Nikasema ukirudi nitakurudishia, nitakufichia siku moja moja."

"Na barua ya kuacha kazi?"

Chapuchapu akakuna mkeka kwa ukucha.

"Nakuuliza. Ulinishauri kwa ajili yangu au yao?"

"Walitaka uondoke kabla ya mwaka mpya, siku zisianze tena."

"Kwa hiyo yale matunda ulikuwa unatumwa."

"Siyo kila Jumamosi," Chapuchapu akasema haraka. "Wallahi siyo kila Jumamosi. Nyingine nilikuja mwenyewe."

"Zipi?"

Chapuchapu akafungua mdomo. Mama mkwe aliniambia aliona kabisa mtu anahesabu, midomo inatikisika, halafu akaacha.

"Huko kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kote," Taratibu akasema, "na mimi nakupikia."

"Nisikilize. Ukienda kwa afisa kazi ukafungua habari ya daftari, wewe umeshatoka, hawana la kukufanya. Mimi natoka bila senti. Nina watoto watatu, na baba yao unamjua."

"Namjua."

"Basi nihurumie."

Taratibu aliinuka akamfungulia mlango kwa mkono wa kushoto, akaushikilia wazi mpaka mgeni alipopata viatu vyake.

Asubuhi akaenda ofisi ya kazi. Alikaa huko mpaka adhuhuri ilipopita. Afisa kazi alikuwa mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi, na aliandika kila neno. Alimwambia wataliita daftari, walitazame safu zote mbili, na kwamba jambo lenyewe litachukua miezi, labda mwaka. Alimsomea maelezo. Taratibu akatia saini mbele yake, fupi, bila mkia. Njiani akapitia mtaa wa mafundi, akamwambia mwenye chumba asimwekee tena, akipata mpangaji ampe.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti.

"Umemtaja?"

"Nimemtaja, mama."

"Jina lote?"

"Lote, na la baba yake. La utani serikalini hawalitaki."

Mama mkwe akacheka kidogo, akamtazama, akaacha kucheka. Uso wa mkamwana wake ulikuwa umeloa, na wala hakuwa akijifuta.

"Bega linakuuma?"

"Sikuwa naliwaza bega."

Akaenda kujilaza kwenye mkeka, ubavu wa kushoto, bega bovu juu. Mama mkwe akabaki naye, akaanza kumweleza habari za jirani na maji yaliyokatika, mpaka yeye mwenyewe akasinzia kitini katikati ya sentensi, kidevu kifuani. Taratibu, kama alivyomsimulia baadaye, alikuwa macho bado. Alijaribu kuzipanga zile Jumamosi, ile ya mapazia ya hoteli, ile ya mvua kubwa, ile waliyocheka bila sababu, atenge za kutumwa na za kuja mwenyewe. Ile ya mvua aliiweka huku, akaihamishia kule, akairudisha. Alikuwa bado anaihamisha usingizi ulipomchukua.