Kiraka cha Mama

Uvumi uliletwa Garsen na wauza vitunguu waliotoka Bura. Walisema huko juu kuna dereva aliyeliegesha gari lake jioni likiwa sawa, akalikuta asubuhi limebadilika ndani. Usukani ule ule, viti vile vile, lakini ile skrini ya kugusa pale katikati ilikuwa imejipanga upya. Kilichokuwa juu kimeshuka chini, cha kulia kimehamia kushoto, na vingine vimefichwa ndani kabisa. Dereva akaliwasha gari hivyo hivyo, na alipokuwa anatafuta pa kuwashia waipa, akaingia nalo kwenye mfereji wa maji ya mashamba. Wengine walisema alitoka akitembea. Wengine walisema hakutoka.

Everline aliyasikia hayo akiwa ameinamia karai la viazi, kwenye kibanda chake cha chai kando ya barabara. Akauliza dereva huyo anaitwa nani. Hakuna aliyejua. Akauliza ilikuwa lini. Mmoja akasema juzi, mwingine mwezi uliopita. Mtu mwingine angeyaacha hapo, yawe maneno ya sokoni kama maneno mengine. Everline hakuweza, maana mwanawe Harrison anaendesha gari la aina hiyo hiyo. Uvumi ukalala naye na kuamka naye. Shambani, akipalilia ndizi kule bondeni, alijikuta amerudia mashina aliyokwisha kuyapalilia, na mumewe Reuben akamwambia aende nyumbani apumzike, jembe halimtaki leo.

Magari yenyewe ni ya kampuni moja ya kukodisha, pikapu mpya zilizoletwa kubeba vifaa vya mradi wa maji vijijini. Ndani hazina swichi za kubonyeza kama magari tuliyoyazoea. Kila kitu kimo kwenye kioo kimoja kipana kama trei ya chai: feni, redio, spidi, simu, hata pale pa kufungia hewa ya nje isiingie. Kioo ni laini, kidole hakisikii kitu, basi dereva hana budi kuangalia. Na anayeangalia kioo haangalii njia.

Kwa huku kwetu, hiyo hewa ndiyo kazi. Ng'ombe wakishuka malka, ile njia yao ya kwenda mtoni kunywa, vumbi hunyanyuka mpaka huioni pua ya gari lako mwenyewe. Dereva wa huku hufunga hewa ya nje kabla vumbi halijamfikia, akapunguza mwendo, akapita kwa upole kama mtu anayepita msibani. Asipofunga, vumbi linamjia kwa matundu ya feni, macho yanajifumba yenyewe.

Ni Everline aliyeleta dawa ya jambo hilo, magari yalipokuwa bado mapya na Harrison analalamika kwamba skrini inamnyang'anya macho. Alichukua tyubu kuukuu ya baiskeli ya Reuben, akakata kipande ukubwa wa ukucha, akakibandika kwa gundi ya fundi baiskeli kwenye fremu ya skrini, jirani kabisa na pale pa kufungia hewa. Kidole kinatambaa ukingoni, kinakuta raba, kinaingia ndani kidogo, kinagusa. Macho yanabaki barabarani. Madereva wenzake walipoona wakacheka, kisha mmoja mmoja wakaja kuomba na wao. Wakakiita kiraka cha mama. Everline akiona pikapu inapita, akijua kile kidoa cheusi kimo ndani, alikuwa akijisikia kama amewafunga wote kamba ya usalama kwa mkono wake.

Asubuhi moja Harrison akaja kibandani mapema, akanywa chai wima. Alikuwa anapeleka mapipa ya dawa ya maji kijiji kimoja mbele ya Wenje, arudi mchana.

"Mama, ule umbea wako wa Bura umefika," akasema. "Nimewasha gari, nimekuta skrini imebadilishwa. Lakini usianze kulia. Ni rangi tu wamepaka."

Akamwita aone. Everline akafuta mikono kwenye leso, akachungulia dirishani. Kweli rangi zilikuwa nyingine, za buluu iliyopoa, na herufi zimekuwa kubwa. Hakuelewa kitu kingine. Aliyeacha shule darasa la saba atasoma nini kwenye Kiingereza kile? Alichokitafuta ni kiraka, na kiraka kilikuwepo mahali pake. Moyo ukatulia. Akampa viazi vya njiani, akampigapiga bega, na gari likashika njia ya Minjila.

Basi hata karai halijapoa, akaingia Ngumbao, kijana wa Kigiriama, mcheshi kuliko madereva wote wa hapo. Siku hiyo alikuwa mweupe kichwa hadi miguu, nyusi zimejaa vumbi kama mtu aliyetoka kinu cha kusaga. Watu wakaanza kumcheka kabla hajakaa. Akawaacha wacheke, akaomba maji ya kunawa, ndipo akaeleza. Alikutana na mbuzi hapo nje tu ya mji, akapeleka kidole kwenye kiraka kama siku zote, akagusa. Skrini ikazima. Giza tupu, spidi haionekani, na vumbi linamwagika ndani.

"Nikadhani mimi ndiye niliyekufa," akasema, "na gari limeenda kuita watu."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Everline naye alicheka kidogo, cheko la mtu asiyejua bado linamhusu vipi.

Jamal alipoingia, yeye hakucheka. Huyo ndiye mkubwa wao, mtu wa makamo, ameendesha malori njia ya Garissa tangu haina lami. Akakaa, akavua kofia, akasema ameegesha gari kando ya barabara muda mrefu akiifungua ile skrini ukurasa kwa ukurasa kama anayechambua mchele. Pa kufungia hewa pamepelekwa ndani, ukurasa wa tatu, chini ya alama inayofanana na jani. Na pale pembeni palipokuwa pa hewa, pamewekwa kitu cha kuzima skrini ili dereva apumzishe macho. Ameipigia ofisi. Kijana wa ofisini amemwambia huo ndio mtindo mpya, ni mzuri zaidi, na ukishaingia hautoki.

"Atazoea kila mtu, amesema," Jamal akaendelea. "Nikamwambia, mwanangu, choo cha kwenu kikihamishwa usiku utakizoea, ndiyo. Lakini ule usiku wa kwanza utajisaidia wapi?"

Wakacheka tena. Safari hii Everline hakucheka. Mwiko ulikuwa umesimama mkononi.

"Jamal ndugu yangu. Pale palipokuwa pa hewa, si ndipo nilipobandika kiraka?"

Jamal akamtazama. "Ndipo hapo hapo," akasema. Ngumbao akaacha kunawa. Harrison alikwenda na kiraka, na mbele yake ipo malka, na saa ile ng'ombe huanza kushuka.

Everline akachukua simu. Jina la mwanawe ndilo la kwanza, maana humpigia kila siku. Akitoka humpigia, akikaribia malka humpigia, akifika humpigia. Kidole kilikuwa kimeshafika juu ya jina, ndipo mkono wa Jamal ukaifunika simu ile.

"Mama Harrison, usimpigie. Huu mtindo mpya simu ikiingia inajaza kioo chote, na inaita kwa sauti ya gari zima. Ikimkuta vumbini, utakuwa umemfumba macho wewe."

"Basi nimwandikie."

"Ni yale yale. Gari linausoma ujumbe kwa sauti, na kioo kinageuka."

Jamal akajaribu kumpigia mwenyekiti wa maji wa kijiji kile, amsimamishe Harrison akifika, asirudi kabla hajaongea na Jamal kwa simu. Mteja hapatikani. Akajaribu tena na tena, mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Ngumbao akasema yeye analo gari, amfuate, lakini hata yeye alijua Harrison ameshatangulia mbali na gari haliwezi kufikiwa na gari lililo sawa nalo. Akaondoka hata hivyo, akiwa bado na vumbi masikioni.

Everline akabaki. Kumpigia mtoto ni kazi aliyoizoea. Kutompigia hakuwahi kujifunza. Akaiweka simu juu ya ndoo ya unga, skrini ikitazama chini. Akaigeuza. Akairudisha. Viazi vikaungua, akavimwaga, akamenya vingine. Wateja walikula wakaondoka na wengine wakaja, akiwahudumia kama mtu aliyeazima mikono. Mmoja akadai ameletewa chai bila sukari. Akatia sukari, akasahau, akatia tena. Alichoka uchovu ambao haumo miguuni. Ilikuwa kama ameshikilia mlango unaosukumwa na upepo tangu asubuhi, na hajui ataushikilia mpaka lini.

Jua lilikuwa limeinama aliposikia pikapu ya Ngumbao. Harrison alikuwa amekaa upande wa abiria. Everline akamwona anashuka, miguu yote miwili, mikono yote miwili. Hakumkimbilia. Alikaa chini juu ya mtungi wa gesi.

Harrison alinywa maji kwanza. Kisha akasimulia, bila haraka, akitazama meza. Wakati wa kwenda alipita malka ikiwa tupu. Wakati wa kurudi akawakuta wameshaingia barabarani, kundi kubwa. Akapeleka kidole kwenye kiraka, skrini ikazima. Akadhani amekosea, akagusa tena, ikawaka, akagusa mara ya tatu, ikazima. Aliponyanyua macho, nyuma ya ndama wa mwisho alikuwepo mwanamke na kibuyu cha maziwa mgongoni. Akakata usukani. Gari likaacha njia, likateremka ukingo, likalala ubavu ndani ya vichaka vya miiba ya mathenge. Mwanamke yule, Ubah jina lake, hakuguswa. Kibuyu kilimponyoka kwa kuruka, maziwa yakamwagika yote. Ni yeye aliyekuja kuugonga mlango kwa fimbo yake, akamsaidia kutoka. Ngumbao akawakuta hapo hapo kando ya njia.

"Akaniambia, 'Ng'ombe hii yote wewe huoni? Wewe naangalia nini?'" Harrison akasema.

Everline akainuka, akaenda kwenye pikapu ya Ngumbao na kisu cha kumenyea viazi. Akakibandua kile kiraka. Gundi ilikuwa imeshika vizuri, alikuwa amekibandika kwa moyo wote, ikabidi akwangue. Alikuwa akijisemea kwa sauti ndogo kwamba ni mkono wake, ni mkono wake uliomwelekeza mtoto kwenye giza.

Harrison akamfuata mpaka pale dirishani.

"Si kiraka peke yake," akasema. "Nikikwambia utaumia."

"Sema."

"Hata kabla ya vumbi nilikuwa naangalia skrini. Pale malka ndipo unaponipigia kila siku. Leo hukupiga. Nikawa naangalia kama jina lako limetokea, nalikosa, naangalia tena. Nilisema pengine una shida nyumbani."

Everline alibaki ameshika kile kipande cha raba kwenye kiganja. Siku nzima alikuwa amejizuia kupiga simu, akidhani anamlinda, na kule mwanawe naye alikuwa akiitafuta simu hiyo kwa macho. Tangu magari yaje, yeye ndiye aliyeyafundisha macho yale kukimbilia kioo kila yanapofika malka. Hakulia. Alimwambia mwanawe aingie ndani ale, chakula kipo, na kesho waende pamoja kumtafuta Ubah wampelekee kibuyu kingine na kumwomba radhi, kwa kuwa na yeye bila shaka ana mama.

Kesho yake viraka vyote vilibanduliwa. Jamal aliwakalisha madereva garini, magari yamezimwa, akawafundisha ukurasa mmoja mmoja mpaka kila mtu akalijua lile jani. Walinung'unika. Mmoja alisema afadhali punda, hajawahi kuhamishiwa masikio. Everline akachana boksi la majani ya chai, akaandika kwa makaa, akalitundika kibandani pale ambapo dereva akinyanyua kikombe lazima alione. Limeandikwa hivi:

EPUKA HAYA

Kuondoa gari kabla hujaikagua skrini likiwa limesimama. Hata kama jana ulikuwa nalo.

Kuamini kwamba ni rangi tu.

Kiraka, stika, doa la rangi ya kucha, alama yoyote kwenye skrini inayoweza kuhama yenyewe tukiwa tumelala.

Kugusa mara ya pili gari likiwa linakwenda. Ukikosa mara moja, simama.

Kuingia malka unatafuta kitu. Ng'ombe wakiwepo, simama mpaka wapite, na umngoje anayewafuata.

Kumcheka mwenzako aliyejaa vumbi kabla hujamuuliza limeingiaje.

Kumpigia dereva aliye njiani, hata kama wewe ni mama yake.

Kumzoesha kuingoja simu yako. Mwambie kabla hajaondoka: leo sikupigii, na sina shida yoyote.