Konokono wa Mke Mwenzangu

Mume wangu Kibwana alirudishwa kwangu Tiwi kwa tuktuk, mwanzoni mwa Januari, akiwa na mfuko wa nguo, godoro la sponji na konokono ndani ya ndoo tupu ya rangi. Aliyemleta ni Menza, mke mwenzangu. Hakuingia ndani. Alisimama uani na sare yake ya hoteli, akaniambia, "Dada, mimi kazi nikiiacha mtoto atakula nini? Wewe ndiwe mkubwa." Kisha akainua ile ndoo. "Na huyu ni wa Chiku. Amempa babake amtunzie mpaka shule zifungwe Aprili, atakuja kumchukua."

Nikaipokea ndoo. Mtu akiwa ameshakupa mume aliyepooza, utakataa konokono?

Kibwana ni fundi wa makuti. Mapaa mengi ya nyumba za wageni kutoka hapa hadi Diani yamepita mikononi mwake. Miaka minane nyuma aliniambia amepata kazi Jego, paa la msikiti, miezi mitatu tu. Nikamfungia mikate ya sinia, nikamwombea safari njema. Mwaka uliofuata mteja mmoja, huku anatafuna viazi karai vyangu, akanipa mkono: "Hongera, bi Twaiba, nasikia bwana amepata binti kule Msambweni." Nilipokea hongera. Nilimwongezea hata ukwaju. Mimi Mungu hakunijaalia mtoto, na lau angekuja akaniambia anataka kuoa, ningelia siku mbili nikamruhusu. Lakini alinidanganya kwa kutumia msikiti.

Kwa hiyo niseme ukweli: sikumpokea kwa huruma, ingawa majirani walinisifu hivyo. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia pamoja na ulimi. Nilichotaka ni apone kiasi cha kutamka neno moja, nisamehe, anitazame machoni akilitamka. Baada ya hapo, kama angetaka kufa, afe.

Konokono mwenyewe alikuwa yule mkubwa wa shambani, sawa na ngumi, ambaye sisi tukimkuta kwenye mchicha tunamrusha upande wa pili wa ua akawe shida ya jirani. Mtoto alikuwa amempaka gambani nukta tatu za rangi ya kucha, nyekundu. Alimwita Mwinyi, Menza aliniambia, kwa sababu hana haraka na hafanyi kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu nilikuwa nimempa kona ya chumba, mchanga wenye unyevunyevu na ganda la yai, tena kila asubuhi.

Hospitali ya Msambweni, mwanamke wa mazoezi ya viungo alikuwa ametuambia tumtafutie mgonjwa kitu anachokipenda, tukiweke upande wa mkono uliolala, aufuate. Nilijaribu tasbihi. Nilijaribu ukuti na sindano yake ya kushonea. Mkono ulikaa juu ya tumbo lake kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine. Siku moja nikafagia, nikaiweka ndoo ya konokono kwenye kigoda upande ule wa kulia, na jani la mchicha juu yake. Niliporudi, jani lilikuwa baina ya vidole vyake viwili, na yule mdudu ametoa pembe zake anakula.

Basi ikawa ndiyo dawa. Asubuhi jani, jioni jani. Haikufika mwisho wa Januari vidole vitatu vikawa vinakunja na kukunjua, na nikaanza kuhesabu siku za neno langu. Na neno lilikuja. Nilikuwa nimeshika kijiko cha uji mbele ya mdomo wake. Akavuta pumzi, akatazama pembeni yangu, akasema, "Mwi... nyi."

Neno la kwanza baada ya miezi miwili ya kiharusi. Nilikiweka kijiko chini, nikatoka nje nikakoroga mafuta ya viazi yasiyohitaji kukorogwa. Nilikuwa na wivu. Nimeshawahi kuwa na wivu na mwanamke, hilo ni jambo la watu wote, lakini konokono!

Februari jua lilitua juu ya Tiwi likakataa kuondoka. Mchicha ulinyauka, kuku walitanua mabawa kivulini. Asubuhi moja Mwinyi hakutoka. Alikuwa amejirudisha ndani kabisa, na mlango wa gamba lake umezibwa kwa utando mweupe, mkavu kama karatasi. Kibwana akamwekea jani. Jani likakauka. Akamwekea jingine kesho yake, nalo likakauka. Siku ya tatu hakunyoosha mkono tena. Uji nao akaukataa. Nilipoleta kijiko alibana meno. Nikambembeleza, nikamfokea, nikambana pua mpaka nikajionea haya. Mbavu zilianza kuhesabika chini ya fulana, na mkono ukarudi palepale juu ya tumbo. Nikaona neno langu linaniponyoka.

Nikamchukua konokono kwenye kitambaa, nikampeleka barabarani kwa Musyoki, Mkamba mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo. Watu wawili waliokuwa wananunua dawa ya kupe walicheka mpaka wakashika meza. Musyoki hakucheka. Alimgeuza akampima uzito kiganjani.

"Mama, huyu hajakufa," alisema. "Amejifungia tu juu ya hii jua. Anangoja mvua. Wewe mwache hivyo, mvua ikinyesha atafungua mwenyewe."

"Mvua ni mwisho wa Machi. Mimi nina mgonjwa hali chakula mpaka huyu ale."

Alinitazama kidogo. "Sawa. Basi muogeshe na maji ya uvuguvugu, kidogo tu, dakika kumi hivi, umuweke kwa kivuli. Lakini iwe maji matamu. Hii maji ya kisima ya huku, hapana. Hiyo chumvi itamuua."

"Nimesikia."

"Usisahau, mama. Matamu."

Sikusahau. Nataka ijulikane hivyo. Jikoni kwangu kuna mtungi wa manjano, wa maji matamu yanayoletwa na mkokoteni, ya kunywa na kupikia. Na kuna ndoo ya buluu ya maji ya kisima, ya kuoshea vyombo na kusafishia choo. Kisima chetu kiko karibu na bahari, na wakati wa kiangazi maji yake hayatoi povu hata ukisugua mche mzima wa sabuni. Ukiyaonja ulimi unajikunja. Mtoto mdogo wa Tiwi anajua tofauti ya mtungi na ndoo.

Nilipasha maji matamu. Niliyajaribu kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto. Nilibeba beseni tupu mkono mmoja na konokono mkono wa pili, nikaingia chumbani kwa Kibwana kumwonesha kwamba tunatibiwa, sote. Nilikuwa na furaha, nakumbuka. Nilikuwa nimejifunga leso mpya.

"Ataamka sasa hivi," nilimwambia. "Musyoki kasema amelala tu."

Akanitazama. Nusu ya uso wake, ile nusu iliyobaki, ikatabasamu. Midomo ikahangaika, ikapata, na neno likatoka zima, bila kukatika.

"Menza," aliniita.

Watu wakikosa husema shetani aliwapitia. Mimi hakunipitia yeyote. Nilirudi jikoni kwa miguu yangu. Maji matamu niliyamimina kwenye birika, nikatia majani ya chai. Nikachota kwenye ndoo ya buluu, nikapasha, nikajaribu kwa kiwiko vilevile. Kisha nikayapeleka chumbani, nikayatia ndani ya beseni mbele ya macho yake, nikamweka Mwinyi katikati.

Mwanzoni ilikuwa kana kwamba Musyoki alikosea. Utando ulilainika, ukajikunja, ukaachia. Kwanza ulitoka mguu, kisha pembe fupi, kisha zile ndefu zenye macho. Kibwana akacheka, sauti ya mtu aliyesahau kucheka, na mkono wake wa kulia ukaondoka juu ya tumbo, ukavuka ukingo wa kitanda, ukaingia katika maji kumgusa. Mkono wote, si vidole vitatu. Ule mkono niliouhangaikia wiki zote zile ukanyooka siku hiyo.

Hapo konokono akaanza kutoa povu. Povu la njano, jingi, na mwili ukajikunyata na kujirudisha ndani mzima-mzima, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Kibwana akaguna. Akautoa mkono majini, akauleta taratibu mpaka mdomoni, akaugusisha na midomo yake. Nikajiambia anajifuta udenda.

Nililinyakua beseni nikakimbilia nje. Nilimsuuza Mwinyi kwa maji ya mtungi, nikammiminia mpaka mtungi ukabaki nusu, huku naomba toba kwa sauti. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Siku ya pili hakutoka. Siku ya tatu alianza kunuka.

Nilidhani Kibwana atajiua kwa njaa. Sivyo. Siku ileile alinyoosha mkono akataka gamba, nikampa nikiwa nimelisafisha kwa kijiti nyuma ya choo, nikilia na kutapika. Akalishika na hakuliachia. Na uji nilipouleta akafungua kinywa. Alikula kila nilichompa tangu siku hiyo, uji, wali, viazi, hata nisipokitia chumvi, hata kikiwa kimeungua. Alifungua kinywa, akatafuna, akameza, macho yake usoni kwangu. Nami, Mungu anisamehe, nilihesabu kwamba nimeshinda. Nilisema amemsahau mdudu, sasa ananitazama mimi.

Mvua ilikuja juma la mwisho la Machi, kama nilivyomwambia Musyoki. Ilinyesha siku nne. Asubuhi ya tano ukuta wa choo ulijaa konokono, wakubwa kwa wadogo, waliofungua magamba wenyewe baada ya miezi ya kujifungia, wanapanda bila haraka kwenda wasikokujua. Nilisimama na ufagio mkononi nikiwatazama. Nilifikiri kuokota mmoja wa ukubwa ule na kumpaka nukta tatu. Rangi ya kucha ningeazima kwa jirani. Lakini gamba la zamani lilikuwa mkononi mwa Kibwana, na hata usingizini vidole havikulegea.

Jumamosi akaja Menza na mtoto. Nilikuwa sijawahi kumwona Chiku karibu. Ana miaka saba, ana paji la uso la Kibwana, na alikuwa amebeba majani ya kabichi kwenye mfuko.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Hilo "mwanangu" lilinitoka lenyewe. Akavua viatu akaingia mbio. Nikawafuata na sinia ya chai. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anamfungua babake vidole kimoja kimoja, na Kibwana anamwachia.

"Mwinyi, nimekuja," alisema ndani ya gamba. Akalitikisa. Akaweka jicho mlangoni mwake. Akaingiza kidole, kikazama mpaka mwisho bila kugusa kitu.

Hakulia mara moja. Alimtazama mamake. Kisha akanigeukia mimi, maana watoto wanajua pa kutazama.

"Nani amemuua?"

Menza akasema, "Chiku, adabu!" Nilikuwa na maneno mengi, jua, uzee, kudra ya Mungu, nami nikaiweka sinia chini nikaanza kumimina chai.

"Mi..." alisema Kibwana.

Sote tukamgeukia. Mshipa wa shingo ulimsimama, jasho likamtoka. Akauinua ule mkono wa kulia mpaka kifuani, akajipiga.

"Mi... mimi." Akapumua. Akakusanya tena kilichobaki cha ulimi wake. "Ni... sa... me... he."

Mtoto akaangua kilio na kujitupa juu ya kifua chake. Naye Kibwana alimwekea mkono kichwani, lakini macho yake hayakuwa kwa mtoto. Yalikuwa kwangu. Hapo nikaukumbuka mkono ukitoka katika beseni na kwenda mdomoni. Hakuwa akijifuta udenda. Ni mzaliwa wa Tiwi, na maji ya kisima anayajua ladha yake. Alikuwa anajua tangu siku ile, na kila kijiko nilichomlisha alikimeza akijua.

Neno lile nililingojea miaka saba. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyosimama litakapokuja, na nitakavyonyamaza kidogo kabla ya kujibu. Lilikuja, mbele yangu, akinitazama machoni kama nilivyotaka, na lilikuwa limebeba kosa langu mimi.

Waliondoka baada ya adhuhuri. Chiku alilichukua gamba, akalifunga ndani ya jani la kabichi. Menza alinishukuru kwa kumtunza bwana, akasema ametengemaa, Mungu atanilipa.

Niliingia na beseni la maji matamu, nikamwosha Kibwana uso, nikamwosha ule mkono, kidole baada ya kidole. Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikajaribu kulisema neno lake. Yeye mwenye nusu ya ulimi aliliweza. Alinitazama, akangoja, na alikuwa na subira kuliko niliyowahi kuwa nayo mimi.

Nikamuuliza kama atakunywa chai.