Ukishika Mkasi Usiseme

Asubuhi ile niliamka na furaha isiyo kifani. Harusi ya mteja wetu ilikuwa kesho, kulimalizia gauni la bibi harusi ilikuwa kazi yangu, na shangazi alikuwa ametangaza kwamba anachoka, karibuni atamkabidhi mtu mkasi wake na duka lake. Mtu gani, hakusema. Dukani tulikuwa watatu tu: yeye, mimi, na wifi yangu, mke wa kaka, aliyeingia kwenye ufundi juzijuzi na bado anajidunga sindano vidoleni. Nikajiambia, kama si mimi, basi ni cherehani.

Ila shangazi ana mizani yake. Ushonaji wangu haukosoi; kinachomkera ni mdomo wangu. Mtaa mzima unaniita Pilipili, na si kwa wekundu. Nimeshatimua wateja, na fundi mmoja nilimliza mpaka akahamia duka la jirani. "Mkono unao," shangazi hunambia. "Kifua ndicho huna."

Mkasi wenyewe ni mmoja, mkubwa, wa chuma kizito. Mchana unazunguka kwa anayekata, jioni shangazi anaufunga kwenye kitambaa na kwenda nao nyumbani. Una sheria: aliyeushika hasemi. Ukitaka kusema, uweke mezani kwanza. Kwa maelezo yake, mdomo ukifunguka na mkasi nao hufunguka. Enzi za usichana wake alimjibu mtu kwa hasira huku akikata, na suruali ya mteja ikawa kaptura.

Basi nikaketi, nikauchukua mkasi nipunguze nyuzi, nikalilaza gauni mezani. Lilikuwa la hariri nyeupe, upande mmoja unang'aa na wa pili umefifia. Kilichobaki ni kupachika mikono, mirefu, inayopanuka kuelekea viganjani. Wifi ndiye aliyeikata jana. Nikaupima wa kushoto, ukakaa. Nikaupima wa kulia, ukagoma. Nikaugeuza huku na huku, kisha nikailaza yote miwili pamoja.

Ilikuwa mikono miwili ya kushoto. Wifi alikuwa amekata mmoja, kisha akakata wa pili bila kuigeuza karatasi ya umbo anayoifuatisha. Ukiupindua upande wa ndani uje nje, unapata wa kulia, lakini uliofifia kama pazia kuukuu. Na kitambaa kilikuwa kimeisha.

Hasira ilinipanda hadi utosini. Wifi alikuwa ameshaona. Alisimama kando ya pasi, akinisubiri. Shangazi naye alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, anapinda vitambaa polepole. Maneno niliyokuwa nayo yangetosha kumrudisha wifi kwao. Nilichotakiwa kufanya ni kuuweka mkasi mezani tu.

Sikuuweka. Nilijua nikiuachia, nitasema, na nikisema, duka nimelikosa. Nikaung'ang'ania mpaka vidole vikaniuma. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umefungwa, macho yakapata kazi. Yaliutazama ule mkono uliokosewa, yakashuka nao, yakafika pale unapoanza kupanuka. Kumbe upana wa kukata bega jipya ulikuwepo, chini ya lile la makosa, safari hii likielekea kulia! Mkono ungepungua urefu tu, na wa kushoto ningeufupisha ulingane nao.

Nikakata. Sijawahi kukata kwa raha kama ile. Mwili mzima ulikuwa unanisisimka, nataka kucheka, nataka kupiga kelele, na siwezi, mkasi ninao. Nikamwashiria wifi kwa kidevu akalete pini. Akaja anatetemeka, akashika kitambaa, tukafanya kazi bila neno. Kila pini aliyoichomeka, mkono wake ulitulia kidogo.

Bibi harusi alipofika, gauni lilikuwa tayari, mikono inakomea kwenye viwiko. Hapo ndipo nilipouweka mkasi mezani. Nikamwambia ukweli: mikono ilikosewa hapa dukani, nimeifupisha, asipoipenda tutatafuta kitambaa sasa hivi. Alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akainua mikono juu, akaanza kucheza palepale peku. "Dada, ile mirefu ningeipangusia sahani zote za harusi," akasema, akanikumbatia na pini zangu kifuani.

Bibi harusi akaondoka. Wifi alinisogelea kichwa chini. Nilikuwa na ruhusa ya kusema sasa, na yale maneno niliyatafuta kweli. Hayakuwepo.

"Wifi," nikamwambia, "leta ile karatasi nikuonyeshe inavyogeuzwa. Kesho utakata wewe."

Alilia hata hivyo, lakini kilio kingine.

Jioni shangazi alichukua mkoba wake, akajitanda khanga, akatoka. Nikiwa nafagia, nikauona mkasi mezani, umefungwa vizuri kwenye kitambaa chake. Nikaudaka, nikatoka mbio hadi kwenye kona.

"Shangazi, umesahau..."

Aligeuka, akautazama ule mkasi mikononi mwangu, kisha akanitazama mimi.

"Umeshika mkasi," akasema. "Usiseme."

Akaendelea na njia yake. Nikabaki nimesimama barabarani, furaha imenijaa hadi kooni, na neno sikulitoa.