Mikono Isishuke

Televisheni ya Fundi ilikuwa kubwa kuliko dirisha la kibanda chake, na mgeni angejiuliza kiziwi wa nini na televisheni. Wenyeji hawakuuliza. Pembeni chini ya kioo palikuwa na kisanduku kidogo, na ndani yake alisimama binti yake, suti nyeusi, akitafsiri mijadala ya Bunge kwa lugha ya alama. Fundi alishona jicho moja kwenye sindano, jingine kwa mwanawe. Mikono kadhaa ya mashati ilishatoka mmoja mrefu mmoja mfupi kwa ajili hiyo, na wateja walishasamehe.

Siku hiyo kibanda kilifurika. Bunge lilikuwa linajadili kuigeuza Katiba ili wabunge wajiongezee miaka miwili bila uchaguzi, na kila mtu wa mtaa alikuwa na lake la kusema. Kinyozi wa mlango wa pili alifunga duka akaja pamoja na mteja wake, ndevu zimenyolewa upande mmoja. Mama Pacha, rafiki wa Fundi tangu usichana wao, alijibana kando ya cherehani na bakuli la karanga.

Watu walicheka kitu. Fundi akamgusa Mama Pacha begani kumuuliza. Mama Pacha, mwanamke mwema asiye na baya na mtu, akampungia mkono: nitakwambia baadaye.

Fundi aliijua hiyo "baadaye". Alilishwa tangu homa ilipomziba masikio akiwa darasa la pili. Harusini baadaye, msibani baadaye, kwa daktari baadaye, na haijapata kufika hata mara moja. Binti yake alikua akiiona. Alipopata kazi ya bungeni alimwahidi mama yake kwa mikono yote miwili: "Nikiwa pale, mtu akisema, utajua papo hapo. Mikono yangu haitashuka mtu akiwa bado anasema."

Ahadi tamu, lakini bungeni kuna utaratibu. Spika akimzimia mbunge kipaza sauti, maneno yanayofuata hayaingii kwenye kumbukumbu, na mkalimani hushusha mikono kana kwamba hakuna anayesema. Mwezi uliopita binti alikuwa amechelewa kuishusha. Aliitwa ofisini akaambiwa akirudia, kazi basi. Fundi alimsihi: shusha, mwanangu, kazi haziokotwi njiani. Binti akatulia tu. Na Fundi, aliyemzaa, alijua kutulia kule hakukuwa kukubali.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mtaa, isipokuwa Mama Pacha, haukulijua. Fundi alikuwa na sauti. Alijifunza kusema kabla ya homa, na aliitumia sauti yake mpaka siku alipokwenda kumchukua binti shuleni, akamwita pale getini kwa furaha. Watoto wakacheka, wakaiga. Binti mwenyewe, kitoto cha darasa la kwanza, akainamisha kichwa. Fundi hakumlaumu, mtoto mdogo vile utamlaumu nini? Ila tangu siku ile aliifungia sauti yake kabatini, akabaki na mikono.

Basi akasimama mbunge mmoja mzee mwenye miwani mizito, wa chama kilekile kilicholeta muswada. Hakufika mbali. Fundi alimwona Kinyozi akiruka na kuipiga televisheni kofi la mgongoni. Mteja wa nusu ndevu akapanda kiti kuuzungusha waya wa antena. Mama Pacha akampa kila mmoja maelekezo yake. Fundi aliwashangaa, maana picha ilikuwa safi kabisa. Kisha akaelewa kwamba sauti ndiyo iliyoondoka, na hakuna kilichoharibika. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa.

Aliangalia kisanduku. Mikono ya binti yake ilikuwa bado juu.

"Shusha," Fundi alimwambia kioo kwa mikono yake. "Shusha, mama, shusha." Binti hakumwona, na hata angemwona asingeshusha. Alisimama hatua chache kutoka kwa yule mzee na alimsikia kwa masikio yake. Na maneno ya mzee yalikuwa matamu kiasi kwamba Fundi, pamoja na hofu yote, alijikuta anatabasamu.

Mama Pacha akaliona tabasamu. "Anasema nini?" midomo yake iliuliza. Watu wote wakageuka.

Mkono wa Fundi ukapanda wenyewe ukapunga: baadaye. Tumsamehe, mtu si malaika, na miaka arobaini si mchezo. Lakini aliuona uso wa Mama Pacha ukinywea, akautambua. Ulikuwa uso wake mwenyewe wa miaka yote. Na pale kiooni mwanawe alikuwa anaichoma kazi yake ili maneno yafike. Yaje yaishie kwa mtu mmoja? Fundi aliweka kiganja kooni, ili asikie kama kuna kitu kinatoka, akafungua mdomo.

"Anasema... viti hivi si vyetu." Kinyozi akaiacha televisheni. "Anasema, tumeazimwa na wananchi. Mtu aliyeazima hajiongezei siku. Anarudi kwa mwenyewe, anaomba. Anasema... nguo ya kuazima haisitiri matako."

Wakaangua kicheko.

Fundi akafunga mdomo. Uso ulimwaka moto; geti la shule lilimrudia, na watoto, na kichwa kile kidogo kimeinama. Kisha akatazama vizuri. Kinyozi alikuwa ameshika tumbo, anaonyesha kidole kwenye kioo, kwa wabunge, si kwake. Mama Pacha machozi yalimtoka, karanga zimemwagika, ameushika mkono wa Fundi kwa nguvu. "Ehe? Endelea, mwenzangu! Endelea!"

Akaendelea. "Anasema yeye atakataa, hata chama chake kimfukuze. Anasema haya hayaandikwi. Basi anayeyapata ayashike."

Kisanduku kikawa cheusi. Mzee alikuwa bado anatafuna maneno, lakini binti hakuwepo tena.

"Wamemtoa," alisema Fundi. Mama Pacha hakumwachia mkono.

Kura ilisogezwa mbele kwa wiki moja, sababu haikutolewa. Ila kufikia alasiri ile nguo ya kuazima ilikuwa imeshazunguka sokoni, kituo cha mabasi na kwa wauza mitumba, na kila aliyeulizwa kaipata wapi alijibu: kwa Fundi.

Jua lilikuwa halijazama binti alipotokea mwisho wa barabara. Suti ameikunja kwenye mfuko, mkono mwingine umebeba viatu vya kazini na kikombe chake cha chai, yaani amekuja na kila kitu. Alitembea ameinamisha kichwa. Fundi alikitambua kichwa kile, akaumia sana. Mwanawe alidhani amerudi kuwa mzigo.

Angeweza kungoja afike, waongee kwa mikono yao ndani, mlango umefungwa. Badala yake alitoka mpaka katikati ya barabara, mbele ya kinyozi, wauza mboga na watoto wote wa mtaa.

"Mwanangu!"

Sauti ilipasuka katikati. Mtoto mmoja akacheka, Mama Pacha akamkata jicho, akanyamaza. Binti alisimama. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu siku ile ya getini. Aliinua kichwa polepole, akaweka mfuko, viatu na kikombe chini kwenye vumbi, na kwa mdomo uliofunguka wazi, ili mama yake asikose hata herufi, akaitika.

"Abee, mama!"

Akaja mbio.