Thamani ya Kibao cha Harold

Lori la vyuma chakavu lilipokuja kulichukua gari la marehemu mumewe, Win Tattersall alikuwa amekwisha tia saini karatasi zote na kumpa dereva kikombe cha chai. Gari lenyewe halikuwa akilini mwake. Akilini alikuwapo dada yake, Edna, aliyevunjika nyonga na sasa anaishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule ng'ambo ya mlima, upande wa Yorkshire. Win alikuwa akimtembelea kila Jumanne kwa basi. Basi hilo liliondolewa barabarani mwezi Machi, na tangu hapo dada hawa wawili walibaki kusikiana kwenye simu tu. Teksi kwenda na kurudi ilikuwa pauni sabini, pesa ambayo mjane wa mwalimu wa udereva haokoti njiani.

Mara akatokea jirani wa mbele, Derek Bracewell, akivuka barabara mbio na ndara za nyumbani.

"Simama! Wewe wa lori, simama hapo hapo! Win, una wazimu? Unatupa na kibao?"

"Kibao gani?"

"Cha namba! HJT 614! Gari likisagwa kabla hujaivua namba, namba nayo inakufa. Harold hakukwambia?"

Harold hakumwambia. Alichojua Win ni kwamba mwaka 1986 mumewe aliinunua namba ile kutoka kwenye lori bovu la maziwa kwa pauni tisini, kwa sababu herufi zilikuwa za jina lake, Harold James Tattersall. Tangu siku hiyo alikuwa akiihamisha kutoka gari hadi gari, magari saba ya kufundishia udereva, moja baada ya jingine, mpaka hili dogo jekundu la mwisho. Nusu ya watu wa mji wao, Colne, walijifunza kushika usukani nyuma ya namba ile.

Derek akatoa simu yake na kuibonyeza kama mtu anayetafuta dawa. Yeye mwenyewe alikuwa na namba ya kununua kwenye gari lake jeupe. Ilimgharimu pauni elfu sita na nusura imgharimu mke.

"Ona hii. Inafanana na yako kabisa. Elfu kumi na mbili!"

Dereva wa lori akamaliza chai yake, akarudi mikono mitupu.

Jioni hiyo hiyo Win alipiga simu kwa wauzaji wa namba. Akapokelewa na msichana mwenye sauti ya asali, akamwambia kuwa namba yake ni adimu mno, na kwamba wangeitangaza kwa pauni elfu kumi na moja mia tisa tisini na tano. Ada ya tangazo ni ndogo tu, hata asiifikirie. Win akalipa. Kisha akampigia Edna.

"Nitakuja kila Jumanne kwa teksi, mpaka unichoke."

"Nilikuchoka siku uliyozaliwa," Edna akasema. "Wewe njoo tu."

Sasa, wauzaji wa aina hii wana tabia moja ambayo mimi hunichefua. Bei ya kuandika haina gharama, kwa hiyo huandika yoyote, na mwenye namba akiiona pale imeandikwa kwa wino mnene huamini kwamba pesa zi njiani. Kuandikwa siko kununuliwa. Tangazo la kile kibao alichoonyesha Derek lilikuwa na miaka tisa mtandaoni, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuuliza.

Win alisubiri Aprili, akasubiri Mei. Kila alipompigia msichana wa asali aliambiwa soko limepoa kidogo, litachangamka. Juni ikaisha, na Julai. Kwenye simu Edna alianza kusema maneno machache. Zamani alikuwa akimsema muuguzi, akausema mchuzi wa pale, akawasema watu wa Yorkshire wote ingawa aliolewa nao. Sasa alijibu "ndiyo" na "sawa" na "nitalala kidogo." Hilo ndilo lililomtisha Win. Edna kunyamaza ilikuwa dalili mbaya kuliko homa.

Agosti mwishoni mlango ukabishwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amejifunga mtandio wa kijani, na nyuma yake barabarani lilisimama gari lenye kibao cha L, cha wanaojifunza udereva, juu ya paa.

"Bi Tattersall, hunikumbuki. Nasreen Akhtar. Mzee Harold alinifundisha. Sasa na mimi nafundisha."

"Ingia, mwanangu, ingia. Chai?"

Walikaa jikoni, wakakata keki ya tangawizi. Nasreen akazunguka zunguka kwa salamu, kisha akashindwa kuvumilia.

"Samahani, Bi Tattersall, nimeliona tangazo lako, lakini elfu kumi na mbili? Mzee Harold angecheka mpaka meno yakamtoka."

"Ndivyo walivyosema wao."

"Wao wanasema. Tazama waliolipa." Akaweka simu yake mezani. "Huu ni mnada wa mwezi uliopita. Namba tatu, ndugu wa yako kabisa. Hii elfu moja na mia saba. Hii elfu moja na mia nane. Hii haikupata mtu."

Win alizisoma zile namba moja moja. Hasira zikampanda, kwanza kwa yule wa asali, kisha kwa Derek na ndara zake, kisha, bila haki, kwa marehemu.

"Kwa hiyo nimekaa miezi mitano nasubiri hewa," alisema. "Na dada yangu kule ananyamaza."

Akamweleza yote, ya nyonga na basi na teksi. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kitambaa cha vyombo. Nasreen akamwongezea chai.

"Mimi naitaka namba," alisema kisha. "Kwa bei ya kweli. Elfu moja na mia nane."

"Ya nini wewe? Herufi si zako."

"Nani anasoma herufi? Watu wananipigia simu, wanauliza, 'Wewe ndiye wa HJT?' Mama zao walifundishwa kwenye gari hilo. Watanikabidhi watoto wao upesi nikiwa na namba ile kuliko nikiwa na cheti cha dhahabu. Na mimi mwenyewe, Bi Tattersall, nilianguka mtihani mara nne. Nne! Mzee Harold hakuniambia neno moja baya."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Win akatua kikombe kwa kishindo.

"Mimi alinifundisha siku moja. Moja tu! Mwaka 1981, pale kwenye mteremko wa nyuma ya kanisa. Gari lilizimika mara mbili, akanikaripia kwamba naiua klachi yake. Nikashuka, nikatembea hadi nyumbani na viatu vya kanisani, na hatukulizungumza tena. Miaka arobaini alifundisha mji mzima."

Penye miti hapana wajenzi. Nasreen alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka, na Win naye akajikuta anacheka huku bado anafuta macho.

"Basi nisikupe pesa," Nasreen akasema ghafla. "Elfu moja na mia nane si teksi ishirini na tano tu? Zikiisha utarudi palepale. Mimi nikupe masomo. Nikufundishe mpaka ufaulu, hata yakifika mia. Na hilo gari jekundu usilitupe, libaki lako."

"Nina miaka sitini na tisa."

"Na mimi nina breki upande wangu."

Wiki ile walijaza fomu. Namba ya Harold ikahamia kwenye gari la Nasreen, na gari jekundu likarudishiwa namba yake ya kuzaliwa. Namba za kawaida za nchi ile huonyesha mwaka wa gari, kila mtu anausoma akiwa ng'ambo ya barabara. Ndipo mtaa mzima ukajua kwamba gari la mwalimu, lililokuwa likionekana halina umri, lilikuwa la mwaka 2008. Derek alisikitika kama aliyefiwa.

"Umeliumbua, Win. Sasa linaonekana zee."

"Ni zee. Na mimi ni mzee. Tutapendana."

Derek alirudi kwake, akatafuta bei ya namba kama yake kwenye ile minada ya Nasreen, aliyosimuliwa na Win. Ikatoka pauni mia nne. Siku tatu hakuliosha gari.

Masomo yalianza Septemba. Mteremko wa nyuma ya kanisa ulikuwa palepale, na gari lilizimika palepale. Win aliufumba mdomo, akangoja kukaripiwa. Nasreen alikuwa akitazama dirishani.

"Tuna haraka?" aliuliza. "Breki ya mkono. Gia ya kwanza. Iachie klachi pole pole mpaka gari lianze kunung'unika. Likinung'unika, liachie."

Likanung'unika. Likapanda.

Mtihani wa kwanza alianguka kwa kwenda polepole mno, msafara wa magari kumi na moja nyuma yake. Wa pili alipanda ukingo wa njia ya miguu mbele ya duka la mkate, akamwomba radhi mteja kwa dirisha. Kila mara alimpigia Edna na kumsimulia, na Edna, aliyekuwa amebakiza maneno matatu, akaanza kuyapata mengine.

"Ukingo gani? Wa duka la mkate? Mjinga wewe, ule ni mpana kama uwanja! Ulikuwa unatazama wapi?"

Win alishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa hajatukanwa hivyo tangu Machi.

Mtihani wa tatu, mwezi Mei, alifaulu.

Jumanne iliyofuata alivuka mlima peke yake na gari jekundu, mikono yote miwili imebanana juu ya usukani kama Nasreen alivyomkataza, kondoo wakimtazama. Upande wa kushoto, pale Harold alipokaa miaka yote, pedali za ziada za mwalimu hazikuwa na mguu wa mtu. Win alizitupia jicho mara moja tu, kisha akarudisha macho barabarani.

Edna alikuwa anangoja kwenye kiti cha magurudumu mlangoni, amevaa koti tangu saa mbili asubuhi.

"Gari la nani hilo? La mwaka 2008! Linatembea?"

"Langu. Panda."

Ilichukua wauguzi wawili na matusi mengi mpaka Edna akakaa na kufungwa mkanda. Wakaondoka kwenda kula aiskrimu, kwa kuwa Edna alisema hajaonja kitu chenye ladha mwaka mzima. Kwenye kona ya kwanza gari likasimama ghafla, wote wawili wakainama mbele kama wanaosujudu. Win akatazama mguuni kwake. Hakuwa amekanyaga kitu. Akatazama mguuni kwa Edna.

"Hiki ni nini?" Edna aliuliza, kiatu kikiwa juu ya breki ya Harold.

"Ondoa mguu, Edna."

"Ulikuwa unakwenda kasi."

"Nimesema ondoa mguu. Dereva ni mimi."

 Edna akauondoa mguu, akaukunja chini ya kiti, akashusha kioo cha dirisha mpaka mwisho.