Aliyenipepea

Daktari alituambia wote wawili, mimi na mume wangu Haidari: mapafu yangu yamechoka, tumbaku isilale tena ndani ya nyumba. Haidari akaapa kwamba ameihamishia kwa kaka yake, kijijini Kumsenga. Harufu ikabaki, akasema ni nguo zake za shamba.

Kila usiku kifua kilinibana. Niliketi kitandani nimeinamia mito, nikishusha pumzi polepole, naye akinipepea kwa kanga. "Pole, mama Firdausi." Majirani walinionea wivu!

Leo dawa yangu ya kuvuta ilidondoka, nikachungulia uvunguni. Marobota ya tumbaku yamejaa hadi ukutani.

"Kumsenga kuna wezi," Haidari akasema nilipomuuliza, bila haya.

Kumbe alikuwa akinipepea vumbi la tumbaku yake, nami kila alfajiri namwombea dua.