Luteni Anayechuja Rangi

Mama Dobi alikuwa ameshaufeli mara mbili mtihani wa mdomo wa fasihi, wa kupatia cheti. Akiufeli tena, usimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini ungemwendea kijana mmoja asiyejua kutofautisha foronya na shuka, ila ana cheti. Jambo hilo lilimkera kuliko madoa ya damu.

Basi akaketi mbele ya Mwalimu Koleo wa darasa la watu wazima, aliyeitwa hivyo kwa kung'oa majibu vinywani mwa watu kama meno. Mashati mawili ya Koleo yalikuwa kapuni kwa Mama Dobi tangu Jumatatu, yakingoja pasi, kwa hiyo hata kumtazama usoni aliona haya.

Riwaya ilikuwa ya vita. Ndani yake mna luteni, kijana wa miaka ishirini na miwili, aliyemsaliti rafiki yake na kuchoma daraja watu wakiwa bado ng'ambo, yote hayo apate nyota moja begani.

"Mchambue mhusika huyu," Koleo akasema.

Hapo ndipo mama wa watu alipoteleza. Kwa miaka kumi na tisa, kuchambua kwake kulikuwa jambo moja tu: nguo nyeupe huku, za rangi kule. Maneno aliyoyakariri, tamaa, ukatili, usaliti, yakamtoroka yote. Akajibu kwa alichokijua.

"Huyu si mchafu tu, mwalimu. Nguo chafu hufuliwa ikatakata. Huyu anachuja rangi. Kila aliyewekwa naye beseni moja ametoka na doa lake, hata mama yake mzazi. Wakubwa walimwona anang'aa, wakadhani ni safi."

Koleo akaacha kuandika. Akauliza dawa yake nini.

"Alowekwe peke yake kwenye maji ya chumvi. Asipokoma, tambara la deki. Tambara halivai nyota."

Mwalimu akainamia daftari, mabega yakimtikisika. Mama Dobi akajua maji yameshamwagika, anachekwa. Akauvuta mkoba wake, machozi yakimlengalenga.

"Umepasi," Koleo akasema.

"Bado, mwalimu," akajibu kwa unyonge. "Mashati yako nitayapiga pasi kesho."

Ikabidi Koleo amgeuzie daftari aone alama zake kwa macho.

Jumatatu yake, yule kijana mwenye cheti alipata somo la kwanza kwa msimamizi mpya: hii foronya, hii shuka.